Mkoromo wa Kumrudisha Gathogo

Jumatatu, 10 Julai. Skuta, Nyeri.

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha ghafla cha thamosi yangu, kilichotokea leo asubuhi jikoni baada ya kuanguka kwa muda mfupi. Imeacha kifuniko na vikombe sita. Watiri, mke wangu, aliyekuwa nayo dakika zake za mwisho, anasema niondoke afagie.

Ilikuwa ya safari. Wiki hii namsindikiza Gathogo Tanzania. Tutapanda ile treni ya kulala, kutoka Dar hadi Mbeya, ambako binti yake Sophie ameolewa. Sophie amemwambia baba yake aende akae. Si kutembea. Kukaa! Mkewe Wakonyo alituacha mwaka jana, na Gathogo amebaki peke yake kule Naro Moru na viazi na baridi ya mlima.

Tulitahiriwa msimu mmoja. Tangu hapo ni wakini wangu, mtu wa rika. Kila Jumamosi huja Nyeri mjini, huketi katika duka langu la mbegu na kuwashauri wateja wasinunue. Sasa nani atafanya hiyo kazi?

Nimempigia simu. Nimemweleza kwamba kifo cha thamosi ni ishara, tusisafiri. Amesema atabeba thamosi ya marehemu mkewe. Mpango wa kwanza chali. Niko na mingine.

Jumanne, 11 Julai. Skuta.

Mpango wa viazi. Nimemwambia Gathogo, kwa uchungu wa mtaalamu, kwamba Mbeya viazi havimei. Udongo umekataa kabisa. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikafurahi.

Watiri alisikia. Akauliza nimefika Mbeya lini. Nikamjibu kwamba muuza mbegu hahitaji kufika mahali. Akasema nimwache mzee wa watu aende kwa mtoto wake. Mzee! Na tuko rika moja!

Ijumaa, 14 Julai. Dar, ndani ya treni.

Basi la kuja huku limeniachia shingo inayotazama upande mmoja. Joto! Gathogo amevaa koti lake la mlimani na kofia ya sufu. Hataki kuvua. Ati baridi huvizia.

Chumba kina vitanda vinne. Nimempa cha juu ili ateseke. Nilisahau kwamba ujana wake wote alikuwa mpagazi, akipandisha mizigo ya watalii mlimani. Alipanda kama mbuzi. Mimi, wa chini, nimeshagonga kichwa.

Tuko na mzee mmoja wa Makambako. Alituuliza kwa upole tumegombania nini. Tukamwambia hatujagombana, tunaongea tu. Akasema pole.

Usiku huu, mpango mkubwa. Kwa kawaida sikoromi, Watiri ni shahidi. Leo nitakoroma mpaka asubuhi. Gathogo atateremka stesheni ya kwanza na kutafuta basi la Nyeri.

Jumamosi, 15 Julai. Njiani, porini.

Nimekoroma mpaka koo limekuwa msumeno. Mzee wa Makambako alichukua mto wake akahamia behewa la chakula. Chumba cha pili waligonga ukuta.

Kulipopambazuka nilitazama juu, nikitegemea uso wa mtu aliyeshindwa. Gathogo alikuwa amelala fofofo, kofia imefunika macho. Aliamka jua likiwa juu. Akamimina chai ya thamosi ya mkewe, akanipa mimi kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akasema:

"Wakini, tangu tumzike Wakonyo sijalala hivi. Huyo mama alikuwa anakoroma vile vile, nyumba ikitetemeka. Sasa kumenyamaza sana. Hata panya nasikia wakifikiria."

Nikanywa chai. Nifanye nini tena?

Treni imesimama. Inasemekana injini nyingine inakuja. Tutalala humu tena. Gathogo hajali. Ameniuliza, akitazama dirishani, kama leo pia nitakoroma.

Jumapili, 16 Julai. Mbeya.

Tumefika. Tulipokaribia mji, wanawake walituuzia viazi vya huku dirishani, vikubwa kama viatu vya askari. Gathogo alishika kimoja, akakipima mkononi, akanitazama. Afadhali angenitukana.

Sophie alikuwa stesheni na wajukuu. Sina nguvu ya kuandika zaidi.

Alhamisi, 20 Julai. Skuta.

Nimerudi. Dukani nimewatangazia wateja kwamba Gathogo alilia stesheni, akashika koti langu, akaapa kurudi kabla ya mavuno. Wote wameamini. Watiri hajaamini.

Jumamosi, 29 Julai. Skuta.

Mteja ameketi katika kiti cha Gathogo. Nimemwambia kimevunjika. Akasema mbona kiko imara. Nikamwambia aondoke tu.

Jioni Sophie amepiga simu. Kumbe ule usiku wa pili baba yake alinirekodi kwenye simu, na kila siku huweka mkoromo wangu karibu na mto ndipo alale. Jana mjukuu aliufuta akicheza. Mzee hajapata usingizi. Anaomba nimtumie mwingine.

Basi niandike ukweli, kwa kuwa Watiri hawezi kusoma mwandiko huu.

Gathogo hakulia. Alimbeba mjukuu mabegani akaondoka akicheka. Halafu akageuka, akarudi mbio, na mimi nikaanza kuokota mizigo yake, nikijua amebadili nia. Alinipa thamosi ya Wakonyo. Akasema, "Yako ilikufa." Akaenda.

Na ule usiku wa pili sikukoroma. Nilijaribu, nikashindwa. Nililia, mdomo ndani ya mto, na nadhani kutoka kitanda cha juu kilio husikika kama mkoromo. Hicho ndicho amekuwa akilalia.

Nitamtumia mwingine, bila shaka. Kesho alfajiri. Mrefu, mzito, wa kumlaza kama mtoto. Ila mwishoni nitaingiza jogoo wa jirani, na Watiri akiniita chai. Gathogo ataamka akidhani yuko huku kwetu. Atafungua macho, atakuta hayuko, ataulizia treni.

Huu mpango hauwezi kushindwa.