Masinia Matatu ya Njia ya Mchangani

Jumamosi, 18 Januari 2025

Kazi nimepata! Mimi Badi wa Mambrui, si Zuhair.

Yuko mama mmoja, Bridgit, kiongozi wa watu wa Nairobi wanaotembea masafa marefu kwa starehe. Kwa starehe! Hawafukuzwi na mtu. Watatoka mdomo wa mto Sabaki, wapande vilima vya mchanga, wakate mashamba ya chumvi ya Gongoni, wafike Ngomeni na Fundisa, kisha waingie nyika kavu mpaka Marafa. Jua juu, mchanga chini, kivuli hakuna. Chakula cha njia nzima hakibebeki mgongoni. Wanataka mtu wa kukitanguliza, wakikute kila kituo.

Binamu yangu Zuhair alikuwa ameshaketi naye mgahawani. Ana pikipiki, ana sanduku la barafu, ana maringo. Nikaingia kati. Nikamuuliza Bridgit kama amewahi kuona barafu iliyofika Fundisa ikiwa barafu. Nikamwambia mimi nitaweka chakula kisichooza kwenye nyumba za watu wa heshima. Akacheka, akanipa mkono. Zuhair alilipa chai yake akaondoka bila kuaga.

Hii si kazi tu. Mzee Badawi, babake Fahima, aliniambia wazi kwamba hamwozi binti yake mtu anayebadilisha kazi kila Ijumaa. Nikiifanya hii ikafaulu, nitapeleka posa. Fahima mwenyewe kaniomba safari hii nisifanye ujanja. Nifanye kazi tu, basi. Nampenda sana msichana huyu, ijapokuwa hajui biashara.

Jumapili, 19 Januari

Majaribio. Nimeanika vyakula juu ya bati kutwa nzima nione kitakachostahimili jua. Sambusa zimechacha. Mahamri yamekuwa mawe. Ng'onda, yule samaki wa kukaushwa, alistahimili, lakini jirani amekuja kuuliza nani kafa. Kunguru wamechukua mayai.

Halwa haikushtuka! Tende nazo salama. Korosho salama. Basi ni halwa, tende, korosho na buni za kahawa. Mtu akila hayo anatembea mpaka Somalia.

Tatizo likawa vyombo. Ndoo nilizoahidiwa hazikuja. Nimeazima kwa mama masinia matatu makubwa ya shaba. Nimeyafunika vitambaa vyeupe vya kufuma, kwa sababu Bridgit amesisitiza usafi. Juu nimetia maua ya asumini ili kuwafukuza sisimizi. Sina hakika kama sisimizi wanaichukia asumini, lakini yamependeza mno. Nimeyafukiza na udi kidogo kuondoa harufu ya ng'onda.

Jumatatu, 20 Januari

Nani atayapeleka? Zuhair kajipendekeza na pikipiki yake. Sitaki. Nimemwendea Shangazi Batuli. Kuanzia Sabaki mpaka Marereni hakuna mlango unaofungwa usoni mwake. Yeye ndiye mshenga wa upande huu wote. Harusi isiyopitia mkononi mwake si harusi. Mtu anayekabidhiwa mabinti wa watu atashindwaje kukabidhiwa korosho?

Nyumba nimezichagua kwa akili. Moja Gongoni, moja Ngomeni, moja Fundisa. Watu wa dini, uwanja mpana, maji yapo. Tena zote zina mabinti wakubwa, maana lazima wawepo watu wa kusaidia kufunga vifurushi.

Habari za watembeaji sikumwambia Shangazi. Zuhair hula kwake kila mchana, na mdomo wa Shangazi hauna komeo. Nimemwambia tu aseme hivi: Badi wa Mambrui anaweka amana hii, na wageni wake watakuja wiki hii hii, wapokewe vizuri.

Akanikazia macho. Akauliza kama nina hakika, nyumba tatu? Nikamjibu moja haitanitosha. Akasema mumewe, Mungu amrehemu, alitosheka na mmoja maisha yake yote. Sikuelewa. Akichoka humtaja marehemu. Akavaa buibui lake jipya na kujitia mafuta mazuri, akaondoka. Kwa kazi ya kupeleka mizigo! Watu wa zamani wana heshima.

Jumanne, 21 Januari

Watembeaji wameanza. Nimewaona wakipanda vilima vya mchanga na fimbo mbili mbili, kama watu waliovunjika miguu yote. Mkubwa wao ni Mzee Peterson, daktari wa meno mwenye ndevu nyeupe.

Jioni nimepita duka la dawa anakofanya kazi Fahima. Hakuniangalia. Akanipa hongera, lakini kwa sauti ya kumpa mtu dawa ya minyoo. Nikamshukuru. Nikamwambia huu ni mwanzo tu, nyumba tatu si kitu, mwezi ujao inshallah nitafikisha tano. Akasema tano hata sheria hairuhusu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, serikali ya kaunti bado haijauliza kibali.

Akafunga duka. Saa ya kufunga ilikuwa bado! Labda anaumwa. Nimehuzunika, maana nilitaka afurahi na mimi.

Alhamisi, 23 Januari

Ee Mola wangu.

Bridgit amepiga simu kutoka Gongoni. Anashangilia. Wamepokewa kwa vigelegele! Wamemwagiwa marashi! Mbuzi amechinjwa, pilau imepakuliwa. Hajawahi kuona kituo cha chakula kama hiki duniani. Ila ana maswali mawili madogo. Kwanza, kwa nini Mzee Peterson ameketishwa mbele na wazee wanamuuliza tabia za bwana harusi? Pili, vifurushi viko wapi?

Ndipo nilipoanza kuhesabu vidoleni. Sinia. Kitambaa cheupe. Asumini. Udi. Shangazi Batuli! Nyumba yenye binti! Mtoto wa chekechea hapa kwetu angejua kwamba ile ni posa. Mimi nilijua ni korosho.

Na sinia la posa haliwekwi. Hufunuliwa, hugawiwa majirani ili wote washuhudie na kuombea heri. Halwa yangu imeliwa Gongoni mpaka msikitini. Nimepiga Ngomeni: imeliwa. Fundisa: imeliwa, na wameniombea watoto wengi.

Mzee Peterson naye, kwa adabu, amewaambia hanijui sana lakini amesikia mimi ni hodari wa usafirishaji. Wazee wamemwongezea pilau.

Sasa mbele ya watu hawa kuna mashamba ya chumvi, kisha nyika ya Marafa, na chakula hakuna. Na Fahima ndiyo maana alifunga duka. Nimekwenda kwa Zuhair. Alicheka hata akalala chini. Nikamngoja amalize. Akainuka, akatia mafuta kwenye pikipiki bila kuniuliza neno.

Ijumaa, 24 Januari

Siku ya kuomba radhi.

Gongoni binti mwenyewe, Lubna, alinitokea barazani. Akanijulisha kwamba nisijisumbue, alikuwa ameshakataa. Anasomea uuguzi na hana nafasi. Nilipaswa kushukuru, lakini niliumia kidogo. Hata hakuuliza ninafananaje!

Ngomeni, Bwana Mujahid alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza tupange tarehe gani. Ilibidi Zuhair aeleze tena. Mzee akasema basi hata Zuhair si mbaya. Zuhair alipanda pikipiki haraka sana.

Fundisa ndiko nilikokwisha. Bi Mastura ni mjane. Alikuwa amewapigia simu ndugu zake wote mpaka Lamu. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikamweleza. Hakunifokea. Alijifuta macho kwa ncha ya leso, akaniuliza hao wanaotembea wanafika lini. Nikamwambia jioni. Akaingia jikoni na binti yake. Wakapika mikate ya kusukuma, wakakaanga samaki wakavu, wakafunga ndizi na mihogo vifurushi vya kutosha mpaka Marafa. Akasema wageni hawana kosa. Nilitamani ardhi inimeze. Nililia, na Zuhair akajifanya anaangalia tairi.

Jumapili, 26 Januari

Wamefika Marafa wote, wazima, wameshiba. Bridgit kanikumbatia mbele za watu. Anasema mwezi ujao anakuja na kundi kubwa zaidi, na kazi ni yangu.

Shangazi Batuli amekwenda kwa kina Fahima kunisafisha. Amerudi akisema Fahima alipoyasikia yote alicheka hata akaangusha kikombe, na Mzee Badawi naye alicheka, jambo ambalo halijatokea tangu mfungo uliopita. Wako tayari kuipokea posa yangu Jumamosi, tarehe nane Februari. Masharti ya Fahima: sinia moja, nyumba moja, na nisimfiche mtu kitu chochote.

Alhamdulillahi! Nimebadilika kabisa. Mimi ni mtu mwingine.

Jumatano, 29 Januari

Bridgit kapiga simu. Kundi jipya litaingia Mambrui Jumamosi, tarehe nane Februari, adhuhuri. Watu thelathini.

Nimefikiri sana. Nyumba ya Mzee Badawi ina uwanja mpana. Kisima kipo. Siku hiyo watakuwa wamepika, tena vya kutosha, na ukoo wangu ni watu wachache wasioweza kuzimaliza sufuria kama zile. Kwa nini chakula cha watu kibaki?

Nimemwambia Bridgit waje na njaa. Fahima sijamwambia. Nataka iwe furaha ya ghafla.