Koleo la Sabasaba na Sukari ya 5.7

Jumanne, 24 Juni 2025, Lanham

Nimedhalilishwa! Mimi, Gervas, niliyeanza maisha huku ughaibuni kwa kusugua vyoo na sasa nina kampuni ya usafi yenye magari mawili. Miaka yote hii ni mimi ninayeshika koleo kwenye pikiniki ya Sabasaba. Mbuzi wa Watanzania wote hupita mikononi mwangu. Leo mwenyekiti wa kamati katangaza: mchomaji lazima alete majibu ya damu. Eti kwa sababu mwaka jana nilizimia mbele ya jiko. Niliteleza! Kwamba niliangukia beseni la kachumbari si hoja.

Mwenyekiti ni mke wangu, Euphrasia. Nesi. Anasema hataki tena kupiga 911 kuita ambulensi akiwa na sahani mkononi. Sharti langu: sukari ya miezi mitatu iwe chini ya 5.7. Nikishindwa, koleo kwa Respicius wa Bowie, mji wa jirani, mstaafu wa ubalozi mwenye majani ya uani yaliyochanwa kama nywele. Anajiita kaka wa Euphrasia kwa vile wote ni wa Muleba. Kanipiga begani: pole shemeji, ni umri. Kanizidi umri yeye!

Jumatano, 25 Juni

Ushindi! Nimekumbuka mashine ya kupima sukari aliyoniachia dada Vumilia alipokuja kutoka Bukoba. Nikatoboa kidole. 5.4! Wanataka chini ya 5.7. Hesabu ni hesabu. Nimejipongeza kwa chapati tatu.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya misa nikamuuliza Respicius habari za kolesteroli yake. Akakohoa, akasema leo kuna joto. Aha!

Kesho napimwa. Kwa usalama naizimua damu. Chai ikizidi sukari unaongeza maji, hata mtoto wa chekechea anajua. Nimeshamaliza galoni moja. Naanza ya pili.

Jumatatu, 30 Juni

Mashine asubuhi: 5.4 tena. Maabara, msalani mara nne kabla ya kuitwa. Binti wa kutoa damu, Chepngetich, kaniuliza, mzee, uko sawa kweli? Nikamwambia niko sawa kuliko wote waliokaa hapa. Nikirudi nyumbani, nikanunua aproni mpya.

Jumatano, 2 Julai

Majibu yameingia kwenye simu. Sukari ya asubuhi: 97! Shule ya msingi sikuwahi kupata 97! Nikamwita Euphrasia aone. Akavaa miwani.

Akasema, Baba Irene, hiyo si asilimia. Kawaida ni 70 hadi 99, umepenya kwa ubavu. Mashine ya Bukoba inasoma kwa vipimo vya kule: 5.4 yake ndiyo hiyohiyo 97 ya huku, na ni ya asubuhi moja tu. Ile 5.7 ni ya kipimo kingine, kinachokumbuka miezi mitatu. Hicho umepata 6.2. Nikauliza damu inakumbuka nini. Akasema chapati.

Akashuka chini zaidi. Sodiamu 132, wakati mwisho wa chini ni 135. Akauliza nimekunywa maji kiasi gani. Nikasifia miwani yake.

Hakucheka. Akasema anataka kuzeeka na mume, si na picha ukutani.

Ijumaa, 4 Julai

Majibu ya Respicius: kolesteroli 251, mwisho 200. Mungu yupo! Nimepiga fataki mbili kwa ajili yake.

Furaha fupi. Koleo kapewa jirani yetu Gitau. Mkenya! Kwenye Sabasaba! Namba zake zote zimekaa katikati kama mtoto wa kwaya. Kanipigia kunituliza: relax mzee wangu, mbuzi ni chumvi tu. Chumvi tu! Na limau? Na tangawizi?

Jumamosi, 12 Julai

Pikiniki. Gitau kachoma vizuri. Inauma kuandika. Wakampigia makofi. Mimi nikapakuliwa mchicha na kipande cha nyama saizi ya stempu.

Nikazunguka nyuma ya gari langu na mbavu nilizojiwekea akiba. Nikamkuta Respicius kachuchumaa na paja zima. Tukatazamana. Akasema, shemeji, sogea, unaonekana. Tukala kama ndugu, tukimsengenya Gitau kwa mdomo uliojaa mbuzi wake.

Jumapili, 13 Julai

Nimelitafakari kosa langu kwa unyenyekevu. Sikusoma masharti! Kipimo kinakumbuka miezi mitatu. Mitatu tu. Ya nyuma zaidi kimeshasahau. Mwakani nitapimwa tarehe saba Julai, kwa hiyo kitaanza kunitazama tarehe saba Aprili. Kabla ya hapo mimi ni mtu huru. Nimefungua kalenda kuangalia Pasaka. Tarehe tano Aprili. Inaingia kwenye uhuru wangu!

Euphrasia kauliza mbona natabasamu. Nimemwambia nimejifunza. Akanibusu kwenye kipara, akaenda kazini.

Respicius yuko njiani. Analeta paja. Mimi nakanda unga.