Kumi wa Kuazima kutoka Busiu

Jumatatu, 16 Juni 2025
Barua ya wilaya imefika. Mkaguzi anakuja Alhamisi kuona kama shule yetu hapa Budondo, Jinja, imeboreka. Mwaka jana tulishika mkia. Mimi ni kaimu mkuu wa shule. Ripoti ikiwa mbaya, kiti kinakwenda kwa Madamu Nabifo, mwalimu wa kemia. Naandika Kiswahili kwa sababu yeye hasomi Kiswahili. Mengine yote anasoma.

Kwenye kikao Nabifo kasema wanafunzi wamepanda sana tangu aanze masomo ya alfajiri. Walimu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kidogo. Lakini kuwaamini wanafunzi wangu? Nawajua!

Jumanne, 17 Juni
Nimepata! Masaba, niliyesoma naye chuo cha ualimu, ni mkuu wa shule kule Busiu. Shule yake ilifaulu vizuri. Nimemwomba aniazime vichwa kumi vya kidato cha tatu, siku moja tu. Kakubali. Atawaleta kwa gari la shule.

Sasa wa kwetu nitawaweka wapi? Shamba la mahindi, nyuma ya vyoo. Mahindi yamenipita kimo. Nabifo akauliza wanakwenda kufanya nini huko. Nikasema palizi. Akaniangalia weee, kisha akasema atawasimamia yeye mwenyewe. Safi! Hivyo mkaguzi hatamwona na yeye.

Jumatano, 18 Juni
Nimekusanya masweta kumi ya wanafunzi wetu ili wageni wavae. Shakul wa kidato cha tatu akauliza yeye atavaa nini. Nikamwambia shambani kuna joto.

Nimemtumia Masaba ujumbe mara saba. Kajibu mmoja tu, kwamba nisiwe na wasiwasi. Hapo ndipo wasiwasi ulipozidi.

Alhamisi, 19 Juni
Aibu! Aibu tupu!

Wageni walifika saa mbili. Niliwapa agizo moja: msijibu msilolijua. Wakatii! Mkaguzi Otim alikuwa mwanajeshi zamani, sote tunamwita Afande. Akauliza swali la hesabu. Kimya. La jiografia. Kimya. Akauliza mto mkubwa wa hapa Jinja unaitwaje. Wote kumi wakanigeukia mimi.

Mwishowe binti mmoja, Brendah, akasimama kwa adabu. Nikamshukuru Mungu. Akasema samahani Afande, wao si wa hapa. Shuleni kwao Busiu pia kuna wakaguzi leo, kwa hiyo Mwalimu Masaba kawatoa wale kumi wa mwisho darasani waje kutembea.

Wa mwisho! Masaba, Masaba!

Afande akauliza choo kiko wapi, akatoka. Dakika ishirini hajarudi. Nikamfuata. Nikamkuta katikati ya mahindi, kiatu kimejaa udongo, anapiga picha kwa simu. Wanafunzi wetu, bila masweta, walikuwa wanapima udongo kwa maji ya maua mekundu waliyochemsha na Nabifo. Shakul anamweleza upande upi una asidi nyingi na kwa nini mahindi ya pale ni ya manjano. Mimi nimepita hapo mwaka mzima nikidhani ni jua.

Afande akanigeukia na Kiswahili chake cha kambini:

"Mwalimu, hii watoto iko na akili. Wewe naficha ya nini?"

Nikasema nilitaka kumfurahisha ghafla. Hakucheka.

Jumatatu, 23 Juni
Ripoti imekuja. Shule imeboreka sana! Inatajwa kama mfano wa kujifunza kwa vitendo. Kaimu mkuu mpya ni Madamu Nabifo. Mimi nimerudishwa darasani, kidato cha kwanza. Nimeumia, sifichi. Nabifo hata kunisimanga hakunisimanga. Aliniomba tu nimsaidie masomo ya alfajiri. Saa kumi na moja! Nikamwambia naumwa mgongo.

Nimekaa na kutafakari kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Busiu! Nani huenda kutafuta vichwa kijijini? Mkaguzi anarudi Oktoba, na kiti bado ni cha kaimu. Nimeshampigia Ramathan anayefundisha Mbale mjini, shule yenye ghorofa. Safari hii nimeomba arobaini.