Sista Nelly Amefananisha Ng'ombe Wetu na Vijidudu

Kwa Bwana Afisa wa Afya,
Garsen.

Bwana Afisa,

Assalaam aleikum, na kama wewe si mtu wa salamu hiyo, basi u hali gani. Mimi ni Roba Galma, mwenyekiti wa Kamati ya Malka ya kijiji chetu. Huenda umeletwa kutoka mbali, kwa hiyo nikueleze: malka ni ile njia iliyoachwa katikati ya mashamba ili ng'ombe washuke mtoni kunywa maji bila kukanyaga mahindi ya mtu. Watu wa Tana wamewahi kukosana vibaya kwa sababu ya malka, na neno hilo huku halichezewi. Nakuandikia kwa utulivu kabisa kukuomba umhamishe Sista Nelly wa zahanati yetu kabla hajatuharibia amani. Mambo yenyewe ni haya.

1. Mjukuu wangu Sadia, mtoto wa chekechea, alipata homa. Hakukohoa wala hakuwa na mafua, ila alikataa chakula na akaanza kulowesha mkeka, tabia aliyokuwa ameshaiacha. Nilimpeleka mwenyewe, maana mama yake yuko Madogo kwenye biashara ya mbuzi. Nilitarajia tupewe dawa ya malaria kama watu wengine. Sista Nelly akampima, akasema hana malaria, kisha akanikabidhi kichupa na kutaka haja ndogo ya mtoto. Alisema hayo mbele ya benchi zima. Nimewahi kutolewa damu na nimewahi kung'olewa jino, lakini kuombwa kitu hicho sijawahi. Nilimwuliza anakitakia nini, akasema mtoto mdogo anaweza kuwa na ugonjwa huu akaonyesha homa tu.

2. Kichupa kilipojaa alikikataa. Alisema anataka ya katikati. Si ile ya mwanzo wala ya mwisho, ya katikati. Bwana Afisa, mimi nimekamua ng'ombe tangu utotoni na najua maziwa ya mwanzo ni ya ndama, hilo halinishindi. Lakini haja ndogo ya mtoto anayelia kwamba inamchoma, katikati yake iko wapi? Ilibidi mke wangu Darmi aitwe kutoka nyumbani. Yeye aliipata. Hakunieleza aliipataje, nami sikuuliza.

3. Hapa ndipo damu iliponichemka. Sista Nelly, ambaye ni Mpokomo wa kijiji cha Wema, mtu wa mashamba, alitukalisha akatueleza kwamba njia ya haja ndogo ya mtoto imeingiliwa. Nikamwambia kama kuna njia imeingiliwa, basi suala hilo ni la kamati yangu, alilete kikaoni. Akacheka akidhani natania. Sikuwa natania. Kwetu neno njia likitajwa pamoja na kuingiliwa, mwenyekiti huitwa. Ndipo akatoa mfano wake. Alisema kuna vijidudu vinavyokaa huko nyuma, penye haja kubwa, na vikikaa hapo havina neno. Lakini vikiipata njia ya mbele hupanda mpaka kwenye kibofu, kama ng'ombe wanavyofuata malka mpaka mtoni. Na vikipita kibofu vikafika kwenye figo, hapo ni kama ng'ombe wameacha malka wameingia shambani. Akasema njia ya wanawake na wasichana ni fupi, ndiyo sababu huwapata zaidi, ila wanaume wazee nao hawajasalimika. Aliposema hilo alinitazama mimi. Mpokomo anafananisha ng'ombe na vijidudu mbele ya Muorma mfugaji, tena mwenyekiti! Kamati ilikaa kikao cha dharura na kuazimia kwamba wizara iutafutie ugonjwa huo njia nyingine isiyoitwa njia.

Samahani, nilikuwa nimetoka kidogo. Naendelea.

4. Ametuamuru tunywe maji mengi na tusibane. Akasema anayebana anavipa vijidudu nafasi ya kulala na kuzaana. Sasa fikiria mzee wa heshima kwenye baraza. Mzee hukaa. Vijana huinuka, wageni huinuka, mzee amekaa mpaka dua ya kufunga. Hiyo ndiyo sifa yake. Mimi nimeongoza vikao vya malka kuanzia asubuhi hadi adhuhuri bila kusogea, na watu wakasema huyu ndiye mwenyekiti. Leo Darmi ananiuliza mbele ya wageni kama nimekwenda. Yeye mwenyewe amejifanya sista wa pili. Amewafundisha wanawake wote bombani kwamba msichana hupanguswa kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe si kinyume chake, na sasa siwezi kupita pale bila kusikia mambo ambayo masikio yangu hayakuumbiwa.

5. Sista Nelly aliacha kazi yake ya sindano akaingilia mambo ya shule. Aliposikia kwamba Sadia hubana akiwa shuleni tu, alimwuliza sababu. Mtoto akasema choo cha wasichana hakina mlango, kwa hiyo yeye husubiri mpaka afike kwa bibi. Ni kweli hakina. Mlango ule uliondolewa kwa shughuli za umma. Ulilazwa juu ya matofali na ndiyo meza ya Kamati ya Malka, meza nzuri sana, haitikisiki. Sista alikuja na mwalimu mkuu wakaubeba tukiwa kwenye ajenda ya kwanza. Tangu siku hiyo tunaandikia magotini.

Uniwie radhi tena, nilitoka. Ni haya maji ya kunywa, naamini.

6. Hili la mwisho ndilo zito. Alitoa dawa ya maji na kusisitiza mtoto apewe mpaka iishe, hata akipona. Siku ya tatu Sadia aliamka anacheka, akamfukuza kuku, akala uji wote. Mtu aliyepona hanywi dawa. Nilikuwa na ndama ambaye haja yake ilikuwa inatoka kwa shida, nikampa ndama iliyobaki. Bwana Afisa, homa ilirudi. Safari hii mtoto alitapika, akashika kiuno kama kizee, akatetemeka nikiwa nimemkumbatia kwa blanketi mbili. Hakunijua. Aliniita kwa jina la mama yake. Niliogopa, sitaki kukuficha, niliogopa kuliko mwaka wa mafuriko. Sista Nelly alikuja kwa bodaboda kwenye matope, akamdunga sindano, akatuitia gari la kwenda hospitali kubwa, akakaa naye njia nzima. Tulipofika akaniuliza kichupa cha dawa kiko wapi. Nikamweleza habari za ndama. Hakunigombeza. Aliniambia, mbele ya mke wangu:

"Mzee Roba, ng'ombe wako wakiingia shamba la mtu, unatoa nusu halafu unakwenda kunywa chai?"

Mwenyekiti kuachwa bila jibu kuhusu ng'ombe, na msichana wa Wema, ni jambo ambalo serikali haifai kulinyamazia. Mtoto amepona. Dawa ameimaliza yote, Darmi alimsimamia, mimi sikuruhusiwa kuishika. Ndama naye amepona, lakini sista anasema hilo si hoja.

Kwa sababu hizo, naomba Sista Nelly ahamishiwe Kau, kule mdomoni mwa mto, akawape wavuvi mifano ya samaki. Naomba pia kamati ipewe meza. Nitashukuru ukilishughulikia kabla ya kikao kijacho, kwa maana kikao kile ni kirefu na nimeanza kukihofia.

Wasalimie wote ofisini, mlinzi wa geti, mama wa chai, na jamaa zako wote popote walipo. Darmi anakusalimu, ila hajui ninachokuandikia. Sadia anakusalimu, na anamsalimu Sista Nelly zaidi.

Ni mimi mwenye malalamiko ya haki,

Roba Galma,
Mwenyekiti, Kamati ya Malka.

Baada ya kutia sahihi: Barua hii inaletwa na Jibril wa bodaboda, pamoja na kichupa kilichofungwa kwa gazeti. Yeye nimemwambia ni asali. Tafadhali kifike kwa Sista Nelly leo leo, maana nimeona haya kumpelekea mwenyewe, na usimhamishe popote kabla hajakipima, wala baada ya hapo. Mwambie nimeinuka mara nyingi nikiandika ukurasa huu, na kila mara inachoma. Mwambie asikikatae. Ni ya katikati.