Protini Mpya ya Shemeji

Shemeji yangu aligundua protini ambayo dunia nzima ilikuwa haijawahi kuiona! Hayo ni maneno yake, si yangu. Mimi kazi yangu ni kuosha vyombo vya kioo katika maabara hiyohiyo, na mwosha vyombo huona mengi ila haulizwi kitu.

Shemeji ni fundi wa maabara, mume wa dada yangu. Kazini tunamwita Mtaalamu, kwa sababu ndivyo anavyojitambulisha mwenyewe, hata kwa kinyozi. Kinyozi akisema "habari za kazi" tu, imekula kwake: atapewa somo zima la molekuli, na nywele zitanyolewa upande mmoja.

Maabara yetu inapima maziwa ya ng'ombe, kutafuta dalili za ugonjwa wa kiwele kabla ng'ombe mwenyewe hajaugua. Kazi yenyewe iko hivi. Unachanganya maziwa na dawa ya buluu, unayadondosha kwenye vishimo vya jeli, kibamba laini cha ute ulioganda, unawasha umeme. Protini zinaanza mbio! Ndogo zinatangulia, nene zinajikokota nyuma kama wageni walioshiba. Ukitia rangi, kila protini inaonekana kama mstari pale ilipokomea.

Kishimo cha mwisho hakipewi maziwa, kinapewa maji na ile dawa tu. Hicho ndicho shahidi. Mstari ukitokea kwenye maji, ujue mmechafua kazi.

Mwezi huo Fundi Mkuu alikuwa amestaafu. Mkurugenzi wetu, mama ambaye hacheki na mtu, akatangaza kwamba cheo kitakwenda kwa fundi ambaye majibu yake yatasimama. Wagombea walikuwa wawili: shemeji, na Bi Glavu, dada mpole anayevaa glavu hata kufungua dirisha.

"Cheo changu hicho, shemeji," aliniambia. "Bi Glavu anaziogopa protini. Mimi protini zinaniogopa!"

Dada yangu aliamini. Maskini, alikuwa amekwisha kuchagua mapazia ya ofisi ya Fundi Mkuu.

Sasa mjue jambo moja kuhusu shemeji. Havai glavu ng'o! Anasema zinamziba hisia. Halafu akifikiri, hukuna kichwa, kwa vidole vyote kumi, kwa bidii, kama mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha humo. Na kwa kuwa chumba cha jeli kina baridi, huvaa sweta zito la sufu juu ya koti jeupe. Basi hukaa hapo akikuna, na sweta likinyonyoka manyoya, juu ya chupa ya dawa ya buluu, na chupa yenyewe iko wazi. Kufunika kizibo, anasema, ni kazi ya watu wenye muda.

Alasiri moja nikasikia kelele.

"Shemeji! Weka hizo chupa, njoo uone historia!"

Nikaenda mbio na mapovu mikononi. Kwenye jeli, sehemu ya juu ambako maziwa hayajawahi kutoa kitu, palikuwa na mstari mnene. Upo kishimo cha kwanza, upo cha pili, upo vyote!

"Shemeji," nikasema, "mbona hata kwenye maji upo?"

"Wewe osha chupa."

Akapiga picha, akaichapa. Akaitazama. Akakuna kichwa. Kisha akachukua mkasi, akakata ule upande wa maji, kwenye picha na kwenye jeli yenyewe, kwachu! "Pembeni pamepinda," akasema. Nilimwona kwa macho yangu, nikanyamaza, na nasema wazi nilijichukia.

Kikaoni alisimama kama bwana harusi. Alieleza dakika arobaini. Protini aliipa jina lake mwenyewe! Debe tupu haliachi kuvuma, lakini siku ile lilivuma mpaka vioo vikatetemeka.

Bi Glavu akainua mkono. "Samahani kaka, kishimo cha maji kiko wapi?"

"Dada yangu, sisi tunachunguza maziwa. Wewe ukitaka maji, bomba lile pale!"

Watu wakacheka. Mkurugenzi hakucheka. Alichukua wembe, akakata kipande cha jeli aliyokuja nayo shemeji, penye ule mstari, akakipeleka kwenye maabara kubwa yenye mashine ya kupima uzito wa vipande vya protini. Mashine hiyo haina shemeji wala rafiki. Inasema tu protini ni ipi na imetoka kwa nani.

Majibu yalichukua wiki mbili. Wiki mbili hizo shemeji hakutembea, alielea! Salamu aliitikia kwa nyusi.

Siku ya majibu tuliitwa wote.

"Protini imetambuliwa," alisema Mkurugenzi. Shemeji akainuka apigiwe makofi.

"Kaa kwanza. Ni keratini. Ya ngozi na nywele za binadamu." Akageuza karatasi. "Na kidogo ya sufu ya kondoo."

Shemeji akakaa.

"Kwa hiyo," akaendelea bila hata kutabasamu, "ng'ombe wetu ana mba, na amevaa sweta."

Macho yote yakahamia kwenye sweta. Shemeji akajikaza. "Mkurugenzi, labda mkamuaji..."

"Kishimo cha maji kilikuwa na nini?"

Shemeji akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, mwosha vyombo aliulizwa kitu!

"Kilikuwa na mstari, mama," nikasema. "Mnene kushinda yote."

Nilimwonea huruma, kweli kabisa. Mkono wake ukaanza kupanda taratibu kuelekea kichwani.

"Usikune!" chumba kizima kilipiga kelele.

Cheo kikaenda kwa Bi Glavu. Dada yangu alirudisha mapazia dukani, na mimi nikakaa mwezi mzima bila kukaribishwa chakula pale nyumbani kwao.

Bi Glavu hakumfukuza mtu. Aliamua tu kwamba kila jeli iongezwe kishimo kimoja, cha uchafu halisi unaojulikana, ili mafundi wapya wauone mstari wake na wasije wakauita ugunduzi. Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi shemeji huitwa mbele, huvua sweta na kuinamisha kichwa juu ya kichupa chenye jina lake, watu wote wakiangalia.

"Inatosha?" aliuliza juzi, kwa sauti ndogo.

Bi Glavu alikiinua kichupa kwenye mwanga, akakitikisa.

"Ongeza kidogo, kaka. Leo mba ni haba."