Ombi la Kupandishwa Cheo Kabla ya Kuajiriwa

Ndugu Mkuu wa Idara ya Ajira,

Shikamoo.

Naomba nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama, ambaye ninalala naye chumba kimoja: nyumbani kwetu wanaamini nimeshaajiriwa kwenu. Sikuwadanganya. Nilinyamaza tu. Mama aliniona nikipiga pasi blauzi ile ile kila Jumanne, nikitoka asubuhi na kurudi na kitambulisho cha ofisi yenu shingoni, kwa kuwa nilisahau kukirudisha, akahitimisha mwenyewe. Shangazi alipopata habari alipiga vigelegele mlangoni mpaka majirani wakatoka nje. Mimi ni mtu wa haya. Ukishapigiwa vigelegele mbele ya majirani, unaanzia wapi kueleza kwamba ulikuwa unakwenda kusailiwa tu?

Nimemaliza shule mwaka huu, nikaomba kwenu nafasi ya kujifunza kazi ya kutengeneza programu za kompyuta. Tangazo lenu lilisema kutakuwa na mazungumzo mafupi. Tumeshazungumza mara sita na bado nasubiri jibu. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Kalamu. Siku ya kwanza mlinisimamisha mbele ya ubao mweupe, wahandisi watatu wakiwa nyuma yangu, mkanipa kalamu iliyokauka. Niliona aibu kuomba nyingine. Niliandika jibu lote, mstari kwa mstari, na hakuna kilichoonekana. Mhandisi wenu mwenye ndevu alikunja uso, akasogea karibu, akarudi nyuma, kisha akasema kazi yangu ni safi sana. Sijui kama nilifaulu, na naamini hata yeye hajui.

2. Mti. Raundi ya pili niliambiwa nipindue mti, yaani taarifa zilizopangwa kwa matawi, za kushoto zije kulia na za kulia ziende kushoto. Niliupindua. Raundi ya tatu mtu mwingine akaniambia niupindue tena, kwa hiyo nadhani sasa umerudi ulivyokuwa. Nikiwa mapokezini nimewatazama wafanyakazi wenu kupitia kioo, na sijaona hata mmoja akipindua mti. Juzi walishinda wakibishana kuhusu rangi ya kitufe kimoja. Kuhusu vitufe sijaulizwa chochote, ingawa nina maoni.

3. Kufikiri kwa sauti. Shuleni nilisifiwa kwa utulivu. Ninyi mkaniambia kimya changu kinawatia wasiwasi, nitamke kila ninalowaza. Nikajizoeza nyumbani kwa kulihutubia kabati, mpaka ikawa tabia. Siku moja nilikuwa jikoni nakata vitunguu, shangazi yuko sebuleni, nikajisikia nikisema: "Naona shangazi amevua viatu. Dhana yangu ya kwanza ni kwamba hataondoka kabla ya kula. Je, kuna njia ya haraka zaidi? Tungeweza kuchelewesha chakula, lakini huyu atasubiri." Kisha sauti ikatoka sebuleni: "Endelea tu, mwanangu, nakusikia. Na kusubiri nitasubiri." Mama hajaniangalia vizuri mpaka leo.

4. Miaka mitano. Mliniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano. Nilijibu kwa uaminifu kwamba, kwa mwendo huu, hapa hapa kwenye kiti hiki. Mkaandika kitu. Ningependa kujua mliandika nini.

5. Utumishi wangu. Hili ndilo zito. Mlinzi wenu haniandikishi tena getini, ananiambia tu, "Leo umechelewa, bibie." Dada wa mapokezi amenitengea kikombe. Raundi ya tano nilimwonyesha mfanyakazi mpya vyoo vilipo. Kabla ya raundi ya sita nilivutwa kwenye picha ya kumuaga mhasibu, nikalia kidogo, kwa sababu wengine walikuwa wanalia. Siku hiyo hiyo baba mmoja mwenye tai, aliyekuja kusailiwa, alisimama nilipopita akaniita madam. Nikamwamkia shikamoo. Akamnong'oneza mlinzi kwamba hajapata kuona bosi mnyenyekevu kiasi hiki.

Kutokana na hayo, naomba nipandishwe cheo niwe Msailiwa Mwandamizi, mwenye kalamu yake binafsi. Naomba pia likizo, kwa kuwa tangu nianze kusailiwa sijapumzika hata mara moja. Kama hayo hayawezekani, basi niambieni tu ndiyo au hapana. Shangazi ameniletea vyeti vya binamu yangu ili nimwingize kazini, na amesema Jumapili atakuja kusikia bosi wangu amesemaje. Vyeti viko chini ya godoro. Bosi sina.

Nisalimieni mlinzi, dada wa mapokezi, mhandisi mwenye ndevu, mhasibu popote alipo, na ule mti, kwa upande wowote unaoelekea sasa.

Wenu mtiifu katika kusailiwa,

Binti wa Jumanne

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha simu ilipolia. Alikuwa mhandisi mwenye ndevu. Amesema nimepata kazi, nianze Jumatatu. Amesema pia kwamba siku ile ubaoni hakuona hata herufi moja, ila naye aliona haya kusema. Kazi yangu ya kwanza itakuwa kumsaidia kusaili waombaji wapya, kwa hiyo naomba malalamiko yote hapo juu yafutwe. Kusema kweli, raundi sita ni chache. Mtu hajulikani haraka hivyo. Napendekeza tuongeze ya saba: tumpe mtu kalamu iliyokauka, tuone kama ataomba nyingine. Tunaweza kuanza na binamu yangu.

Jambo la mwisho. Jumatatu nitatoka nyumbani na blauzi ile ile, na mama ataniambia nisichelewe kazini kama kawaida. Akipiga simu mapokezi, mwambieni nipo. Kwamba hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza, nawaomba sana, msimwambie mtu.