Biskuti Aenda Bweni

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Matondoni. Mvua tangu alfajiri. Nazi thelathini zimeibwa tena shambani. Mbwa alikuwepo. Nyayo zinaonyesha alimsindikiza mwizi mpaka kwenye ua, kisha akarudi kulala.

Mbwa huyu, Biskuti, nilipewa mwezi uliopita na Bwana Austin wa Shela alipokuwa akihamia Nairobi. Aliniapia kuwa ni mbwa wa ulinzi. Sasa naelewa kwa nini alikuwa akicheka. Mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa, hilo nimewauliza wanaojua. Lakini Biskuti halindi. Analamba! Mkono, mguu, kikoi, ndoo. Na mate ya mbwa ni najisi: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Leo nimeosha kabla ya Adhuhuri, kabla ya Alasiri na kabla ya Magharibi. Kopo langu la udongo limekwisha. Ngozi ya mkono nayo inakaribia.

Jirani yangu Bakr alinikuta bombani. Akaniuliza, kwa upole wake ule wa sumu, kama mimi ndiye ninayefuga mbwa au mbwa ndiye anayenifuga. Sikumjibu. Nilikuwa kwenye ya tano, ningepoteza hesabu.

Jumanne, 4 Novemba

Habari kubwa! Wazee wa Kizingitini wamepiga simu. Watakuja Jumapili ya tarehe 16 kumposea kijana wao Amjad. Wanamtaka binti yetu Hadil. Hadil anasomesha chekechea, ana miaka ishirini na sita, na ameshakataa posa mbili. Hii anaitaka. Hakusema, lakini amepika biriani siku ya Jumanne.

Mke wangu Alawiya hakunipa hata nafasi ya kufurahi. Alisema wale ni watu wa heshima zao, watakuja wanaume tisa, na mbwa akimlamba hata mmoja, posa imekwisha. Huyo mbwa na ashike ndia, aende zake. Nikasema mbwa akiondoka, nazi zitaisha. Akasema zimeshakwisha.

Hadil alinifuata nje. Hakupaza sauti.

"Baba, sijakuomba kitu tangu nimalize chuo. Hili usiniharibie."

Moyo uliniuma, wallahi. Nikamuapia kwamba posa itapita salama. Kisha nikakaa kwenye gogo kufikiri namna ya kubaki na mbwa.

Jumatano, 5 Novemba

Bakr mwenyewe amenipa dawa bila kujua. Alisema kwa kejeli kwamba mbwa wangu anahitaji shule. Nikaulizia. Kumbe shule ipo! Ng'ambo, Mokowe, yuko Bwana Kipchumba, mstaafu aliyefundisha mbwa maisha yake yote. Ana bweni. Mbwa analala huko siku tisa, anarudi na adabu. Nikampigia simu.

Nilidhani ataniuliza habari za mbwa. Aliniuliza habari zangu. Nani humlisha? Nikasema mimi. (Ni Hadil.) Nina subira? Nikasema nyingi. Nitakuja siku mbili za mwisho tufanye mazoezi pamoja? Nikasema bila shaka. (Siendi ng'o, atanilamba.) Akirudi nyumbani, nitamrudilia mafunzo kila siku? Naam, naam. Akasema bweni halimfai kila mtu.

"Mbwa si nguo za dobi, Bwana Kamaludin. Hutamleta mchafu ukamchukua safi."

Nimeupenda mfano huo. Ndivyo hasa ninavyotaka.

Alhamisi, 6 Novemba

Nahodha Hamdu alikataa kata kata mbwa kuingia botini. Tukaafikiana: Biskuti akae ndani ya tenga, na mimi nioshe boti baadaye. Nimeosha. Boti nzima, mara saba. Nilipofika kwenye udongo, abiria wa kurudi walikuwa wamekwisha panga foleni, wananitazama.

Kipchumba ni mrefu, maneno machache. Alimtazama Biskuti. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu zaidi. Nikampa maagizo yangu. Kwanza, mbwa aache kulamba. Pili, akiniona mimi bwana wake, aketi na kutoa mkono wa salamu. Wa kulia. Aliuliza kwa nini lazima uwe wa kulia. Mtu mzima huyo!

Bakr atanyoka safari hii.

Jumatatu, 10 Novemba

Kipchumba amepiga simu. Biskuti ni mwerevu, kulamba ameacha siku ya tatu. Lakini ni lazima amjue bwana wake, kwa hiyo nije. Nikamwambia nina homa. Nikakohoa. Akasema basi nimtumie shati, lile la kazi, lisifuliwe, lenye jasho langu. Atamzoeza kwamba harufu ile ndiyo bwana wake.

Shati la jasho! Kwa mtu baki! Atadhani nyumbani kwangu hakuna mke. Nimetoa kanzu yangu ya Idi ya mwaka juzi, nikaifua, nikaipiga pasi, nikaifukiza kwa udi wa Alawiya mpaka chetezo kikazimika. Nimemkabidhi Hamdu, imefungwa gazeti. Aibu imefichika.

Jumatano, 12 Novemba

Kanzu imefika. Kipchumba aliuliza kama kweli mimi hunukia hivi kila siku. Nikasema kila siku. Akauliza kama yuko mwengine yeyote hapa anayenukia hivi. Swali la dharau kidogo. Nikamjibu kwamba huo ni udi wa mke wangu, hauna mfano. Akasema haya.

Anasema Biskuti hulala juu ya kanzu ile. Akisikia harufu yake tu, anaketi na kutoa mkono. Hakosei hata mara moja.

Jumamosi, 15 Novemba

Amerudi! Mtulivu, anatembea kama karani. Mimi nilikuwa na fulana ya shamba, akanipita kama hanijui. Nikaingia ndani, nikavaa kanzu iliyofukizwa, nikatoka. Akaketi. Akatoa mkono. Wa kulia! Nikamwita Bakr, akaja vivyo hivyo na fulana yake ya kuvulia, akaangalia, akarudi kwake. Sina siku nyengine kama hii mwaka huu.

Alawiya amesema kesho mbwa afungwe nyuma ya nyumba. Nikasema kumfunga mwanafunzi siku moja baada ya kuhitimu ni kumvunja moyo. Hadil alinitazama tu. Nikasema haya, nitamfunga. Nimemfunga. Fundo la heshima, si la jela.

Jumapili, 16 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Mvua ilikatika saa tatu. Wageni waliingia saa nne. Wanaume tisa, wakiongozwa na Bwana Abdulqadir, ami yake Amjad. Ukijumlisha Bakr na mimi, kumi na mmoja. Kanzu nyeupe kumi na moja. Alawiya alikuwa amefukiza udi nyumba nzima. Wageni nao walikuwa wamejifukiza huko kwao kabla ya kupanda boti, kama afanyavyo kila mtu anayekwenda kuposa. Nilivuta pumzi, nikafahamu. Nilikuwa nimeshika sahani ya halua.

Biskuti aliingia akiburura kamba. Akasimama mlangoni. Akanusa. Sijapata kuona kiumbe kilichofurahi namna ile. Mabwana kumi na mmoja! Akaanzia upande wa kulia. Kwa kila mtu aliketi, akatoa mkono, akangoja. Hakumlamba hata mmoja, nataka hilo liandikwe. Lakini nje kulikuwa na matope. Alipofika kwa Bwana Abdulqadir, mkono ukatua juu ya kanzu ya mzee, karibu na kiwiko. Alama ilitoka vizuri sana, vidole vinne vyote.

Mtu mmoja akasema la haula. Bakr alikuwa akitazama boriti za dari na mabega yakimtikisika. Mimi nikasema, "Ni mkono wa kulia." Sijui kwa nini nilisema.

Nilimwona Alawiya kwenye upenyo wa pazia, amefumba mato. Nikajua nimemuua mwanangu.

Ndipo Hadil akatoka. Ndoo, kata, na kopo langu la udongo. Macho chini. Akatoa salamu, akamwomba mzee anyooshe mkono. Akaanza kwa udongo, akamwagia maji, akihesabu kwa sauti ndogo. Alipomaliza ya saba akaishika ile kamba, akamtoa mbwa nje, hakumgusa.

Bwana Abdulqadir alikaa anatazama kanzu yake iliyotota.

"Nyumba zote za posa hunipa chai," akasema. "Hii imenipa twahara ya nguo. Binti tunamtaka."

Kisha akanigeukia.

"Wewe, Bwana Kamaludin, tutakuzoea."

Nikahi Ijumaa tarehe 5 Desemba, hapa kwetu. Sharti moja: siku hiyo mbwa akionekana mbele ya wageni, shughuli yote inahamia Kizingitini na mimi nibaki. Alawiya alilia nyuma ya pazia. Mimi pia kidogo. Hadil alinibusu mkono, akasema nisifanye kitu chochote mpaka harusi ipite. Chochote, Baba.

Jumanne, 18 Novemba

Nimelifikiri siku mbili na kosa nimelipata. Bweni halina kosa, limefanya kazi barabara. Kosa ni kwamba mbwa ananipenda mimi kupita kiasi. Basi ampende mtu mwengine! Akimpenda Bakr, siku ya nikahi atakuwa akimfuata Bakr, na aibu itakuwa ya Bakr. Baada ya harusi atakaa kwa Bakr na nazi zangu ziko ng'ambo ya ua ule ule. Sijui kwa nini sikuona mapema.

Nimempigia Kipchumba. Aliuliza maswali yale yale. Nikampa majibu yale yale. Akasema safari hii angependelea kunipokea mimi bwenini na mbwa abaki nyumbani. Mcheshi yule bwana, hujui mpaka umzoee. Safari hii mbwa atakaa siku kumi na tano, atarudi tarehe 3 Desemba, siku mbili kabla ya nikahi. Muda umelingana vizuri.

Kanzu ya Bakr ilikuwa kwenye kamba ya nguo, mkewe Bi Hayat ameianika. Nimeiazima. Lakini kutuma nguo ya jirani kwa mtu baki hivi hivi ni kumvunjia heshima, kwa hiyo nimeifukiza mara tatu, mbwa asije akakosea. Hamdu ameondoka nayo, na Biskuti ndani ya tenga. Boti nitaosha kesho.

Jioni Bakr alikuja kuuliza kama nimeiona kanzu yake, ndiyo aliyoiweka kwa ajili ya nikahi. Nikamwambia asijitie mashaka, avae nyengine yoyote. Siku hiyo watakuwepo wanaume mia tatu, wote kanzu nyeupe, wote wananukia udi. Nani atajua yupi ni yupi?